Karatasi ya Sabuni Irudishwe Ofisini

Mama unayesoma haya, kaa kwanza. Kama kuna mtoto analia, mbebe. Kama kuna sufuria jikoni, iepue, maana mambo haya yakishaanza hayana mahali pa kupumulia, na mimi sitaki uje uniambie hukuonywa.

Palikuwa na nchi moja isiyo na jina. Zamani ilikuwa nalo, zuri tu, lakini jina likapelekwa kwenye kamati ya kuliboresha, na kamati haijakaa mpaka leo kwa sababu barua ya kuitisha kikao lazima iandikwe jina la nchi juu, upande wa kulia. Kwa hiyo wananchi wa huko wakiulizwa mnatoka wapi, wanajibu, "Hapa."

Katika nchi hiyo, Kata ya Mabondeni, aliishi mama mmoja aitwaye Siwema na binti yake Mashavu. Wawili tu. Siwema alikuwa mtu wa wasiwasi. Mtoto akikohoa mara mbili, yeye ameshavaa kanga ya kwendea zahanati. Shule alisoma hadi darasa la saba akaishia hapo, si kwamba alifeli, alifaulu vizuri, ila barua yake ya kujiunga na sekondari ilikaa kwenye droo ya ofisi ikisubiri muhuri, na muhuri ulipopatikana Siwema alikuwa ameshaolewa na ana mimba ya miezi sita. Tangu hapo akiona muhuri anatoka jasho. Na sasa Mashavu naye alikuwa darasa la saba, ana akili za kukimbia, na mtihani ulikuwa hauko mbali, siku ya Jumatano.

Sasa, mbele ya mlango wao ulipita mfereji. Tunauita mfereji kwa heshima, lakini maji hayakupita. Ulijaa pakiti za sabuni ya unga, za bluu, za kijani, na zile ndogo za kufulia mara moja. Mvua ikinyesha maji yanageuza njia, yanaingia ndani bila hodi mpaka kwenye godoro. Jirani yake, Mama Doto, alichinja mbuzi wa sikukuu akamkuta na pakiti kumi na moja tumboni, moja bado inasomeka vizuri kabisa: *Huondoa madoa sugu.*

Kwa hiyo redio iliposema kwamba serikali inaleta sabuni isiyo na plastiki, Siwema alifurahi. Nataka hili lieleweke mapema, kuna watu watasema alikuwa mpinzani. Alifurahi mpaka akamwambia Mashavu, "Mwanangu, safari hii wamefikiri."

*

Uzinduzi ulifanyika uwanja mkuu. Waziri wa Usafi, Povu na Mwonekano, Mheshimiwa Kifefe, alipanda jukwaani amevaa glavu nyeupe, akainua juu kitu chembamba kama leso.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Leo tunaachana na plastiki kama mtu mzima anavyoachana na nepi! Hii mnayoiona ni karatasi ya sabuni. Haina pakiti, haina kopo, haina mfuko. Ni nyembamba kama leso na nyepesi kama hotuba zangu. Unaitia majini, nguo zinatakata. Wataalamu wetu kumi na wanne wamekwenda ng'ambo wiki tatu kujifunza!"

Ni kweli walikwenda. Walilala hoteli kubwa, jioni wakaacha nguo chafu nje ya mlango, asubuhi wakazikuta zimekunjwa. Wakaandika kwenye ripoti yao: *Mfumo unajiendesha wenyewe.*

Waziri hakuitia karatasi ile majini. Ilikuwa Karatasi Namba Moja, inakwenda makumbusho.

Jumatatu iliyofuata sabuni ya unga ikapigwa marufuku nchi nzima. Ya maji nayo. Hata sabuni ya mche, ambayo tangu izaliwe haijawahi kuvaa pakiti, ikasimamishwa kwa muda "ili kuipa karatasi nafasi ya kujiamini." Wakaundwa Mgambo wa Harufu, vijana wenye pua nzuri, kazi yao kupita mitaani wakinusa watu. Ukinukia sabuni bila cheti, unalala ndani.

Karatasi zenyewe zikaja kwa meli. Kila moja ilifungwa kwenye plastiki isipate unyevu, kumi kumi zikatiwa kwenye mfuko wa plastiki, na mifuko ikapangwa kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko. Mwalimu mmoja alithubutu kuuliza. Akasomewa kanuni ya nne: plastiki inayopigana na plastiki si plastiki, ni askari.

*

Mgao ulikuwa karatasi moja kwa kaya, kila Jumatano, ofisi ya kata. Pale aliwekwa Afisa Povu wa Kata, Bwana Sekiete, mtu mwenye koti la kijivu na daftari kubwa kama mlango. Siwema akasaini, akapokea, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Jumamosi akafua. Akachana karatasi, akaitia kwenye beseni, na kabla hajavuta kigoda karatasi ikalegea, ikatawanyika, povu likapanda. Kusema haki, ile karatasi ilifua. Kola ya shati la Mashavu, ambayo ilikuwa imeshindikana, ilitakata. Hapakubaki pakiti ya kutupa, ukiacha yule askari wa plastiki, ambaye Siwema alimweka juu ya kabati asiende kwenye mfereji. Maji yaliyobaki akaoshea mkeka, ya mwisho akamwaga kwenye mgomba.

Akalala na moyo mweupe.

Jumatano akapanga foleni kuchukua nyingine. Akafika mezani.

"Ya zamani iko wapi?" akauliza Bwana Sekiete bila kuinua macho.

"Ipi?"

"Karatasi uliyochukua wiki iliyopita. Unarudisha iliyotumika, unapewa mpya. Ipo kwenye waraka. Bila hivyo mngeziuza nje ya mpaka, tunawajua."

"Nimefulia, Bwana Sekiete."

"Vizuri sana. Ndiyo maana nasema iliyotumika. Nipe."

"Imeyeyuka."

Sekiete akainua macho. "Imeyeyuka ikaenda wapi?"

"Imeyeyuka kwenye maji. Ndiyo sabuni yenyewe. Inakuwa povu."

"Mama Mashavu," akasema Sekiete kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa, "karatasi ni karatasi. Mimi nimefanya kazi na karatasi miaka ishirini na mbili. Karatasi inachanika, inaungua, inaliwa na mchwa, inapotea. Kuyeyuka, sijaona."

"Muulize mkeo anayekufulia!"

"Mke wangu nyumbani anafua, hafundishi." Akafungua daftari. "Safu hapa zipo mbili. Imerudishwa. Haijarudishwa. Kuyeyuka hakuna safu. Naandika haijarudishwa. Kituo cha polisi kakate taarifa ya upotevu."

Siwema akatazama nyuma atafute msaada kwenye foleni. Akina mama wote wakawa wanatazama miguu yao. Na hapo akaona jambo lililomtia baridi. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake mkononi. Nzima. Imekunjwakunjwa, imesuguliwa udongo kidogo kwenye pembe ili ionekane imefanya kazi.

*

Kituoni alikuwapo Koplo Zamda, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Akachukua maelezo.

"Mali iliyopotea?"

"Karatasi ya sabuni moja."

"Ilipotelea wapi?"

"Ndani ya beseni."

"Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa na nani?"

"Na shati la mtoto."

Koplo akaandika, akasimama, akachukua kofia. "Twende tukalichukue hilo beseni. Ni eneo la tukio."

Likachukuliwa. Likafungwa kikaratasi chenye namba kwenye ukingo na kufungiwa stoo, katikati ya baiskeli iliyoibiwa na pipa la gongo.

Mama Doto alikuja kumpa pole kwa kunong'ona, akisimama upande wa upepo. Harufu yake ilitangulia kuingia, lakini huko sasa hakuna aliyemcheka mwenzake. Walikuwa wamefanana.

"Shoga, na wewe nani alikutuma uitumie?"

"Mama Doto, sabuni si ya kufulia?"

"Ya kufulia ni ile ya zamani. Hii ni ya kurudisha." Akajifuta uso na kanga, kanga ikamwachia alama. "Mimi yangu ya kwanza nilimrudishia, akanipa nyingine. Jumatano naipeleka hii, ananipa nyingine. Jina langu safi kwenye daftari. Ukitaka ya kesho, usiiguse ya leo."

"Sasa unafua lini?"

"Nimekwambia jina langu ni safi. Hukusikia?"

Kumbe nchi nzima ilikuwa hivyo. Redio ikasoma takwimu: karatasi zilizotolewa na zilizorudishwa ni sawasawa, takataka za plastiki zimepungua, hata povu kwenye mito limekwisha kabisa, jambo ambalo mataifa makubwa hayajaliweza. Mheshimiwa Kifefe akapewa nishani na chama cha mawaziri wenzake. Alipovalishwa, aliyemvalisha aligeuza uso pembeni, ikasemwa ni kwa unyenyekevu.

*

Ikabaki wiki moja kabla ya mtihani. Jumatano hiyohiyo ya kukamatwa beseni Mashavu akaja na tangazo kutoka shuleni, limepigwa muhuri, na jasho likamtoka Siwema kabla hajasoma. Kwa kuadhimisha Mwaka wa Usafi wa Mfano, mtahiniwa yeyote atakayekutwa na doa, alama au rangi isiyo ya sare hataingia kwenye chumba cha mtihani. Na asiyeingia siku ya kwanza asije siku ya pili.

Mashavu alikuwa na shati moja. Aliendelea kulivaa, Alhamisi, Ijumaa, na uwanja wa shule ni vumbi jekundu. Ijumaa jioni lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Jumamosi Siwema akajaribu majivu. Shati likapauka, kola ikabaki. Jumapili akaponda majani ya mpapai, akasugua mpaka vidole vikachubuka. Uchafu ukatoka nusu, ukijani ukaingia. Mashavu akalivaa akajitazama kwenye kioo cha kabati.

"Mama, nafanana na mboga."

"Livue, mwanangu. Nitafanya kitu."

"Kitu gani?"

Alikwenda kwa Mama Doto.

"Niazime karatasi yako. Nifue shati moja tu."

"Halafu Jumatano narudisha nini? Povu la kwenye beseni?"

"Mama Doto, hata Kulwa na Doto wana mtihani! Mashati yao umeyaona?"

"Bwana Sekiete ametuahidi ataongea na mwalimu mkuu. Amesema kaya zenye rekodi nzuri zitaangaliwa." Akapunguza sauti. "Mtu asiyerudisha anasomwa kwenye kipaza sauti. *Kaya chafu.* Jina lako walilisoma jana, wewe hukuwepo. Mama Mashavu, sitaki kusomwa."

Siwema hakumlaumu sana. Aliujua huo woga, ulikuwa unalala kwake pia.

*

Jumatatu ikatangazwa kwamba Mheshimiwa Kifefe atatembelea Mabondeni kesho yake, na kutafanyika maonesho ya kufua. Bwana Sekiete akazunguka nyumba kwa nyumba kutafuta mama wa kufua mbele ya mgeni. Huyu ana kiuno. Huyu ana msiba. Huyu vidole vyake haviingii majini, ameambiwa na mganga. Hakuna aliyetaka karatasi impotelee mikononi mbele ya waziri.

"Nitafua mimi," akasema Siwema.

Sekiete akamtazama akapiga hesabu zake. "Wewe si ndiye uliyewahi kuitumia? Uzoefu unao. Tena vizuri. Utafua mbele ya macho ya watu, tuone safari hii inaenda wapi."

Jumanne asubuhi, uwanja wa mpira ukajaa. Magari kumi na manne. Mheshimiwa akakaa chini ya turubai, mabalozi wa nyumba kumi wakapangwa upande ambao upepo hauleti harufu yao kwa mgeni. Beseni la Siwema likaletwa na Koplo Zamda, namba yake ukingoni, likawekwa mezani. Siwema akafungua kanga, akatoa shati la Mashavu, la kijani cha mboga na chai.

"Mama huyu," akasema Sekiete kwenye kipaza sauti, "atatuonesha jinsi karatasi inavyofua na jinsi inavyorudi."

Siwema akatia maji. Akapokea karatasi kwenye sinia lenye kitambaa. Akaitoa kwenye ile plastiki yake, akaitumbukiza.

Povu likapanda. Nchi ilikuwa haijaona povu wiki tatu, watu wakasogea mbele, mtoto mmoja akaanza kulia kwa kuogopa. Siwema hakutazama mtu. Alikuwa anafua. Alipiga kola kwa kola, kwapa kwa kwapa, mfuko, pindo, kama mtu anayechimba kisima na ameanza kusikia maji. Alipolisuuza na kulikung'uta, shati lilikuwa jeupe mpaka waliokaa mbele wakafumba macho.

"Hongera," akasema Waziri akisimama. "Sasa tuoneshe karatasi."

"Imeyeyuka, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akamtazama Sekiete. Sekiete akatazama mbingu.

"Mama. Unataka kuniambia serikali imenunua kitu ambacho ukikitumia kinaisha?"

"Ndiyo sabuni ilivyo, Mheshimiwa. Tangu enzi za bibi zetu."

"Tafuteni!"

Wasaidizi wanne wakaingiza mikono kwenye beseni. Mmoja akatoa kifungo, akakiinua kwa furaha, akaambiwa akirudishe. Mkurugenzi wa Povu akapitisha maji kwenye chujio la chai. Mwishowe Waziri mwenyewe, mtu ambaye tangu azaliwe mkono wake haujaingia kwenye maji ya kufulia, akasahau kukunja mkono wa koti, akauzamisha mpaka kiwiko, akapapasa chini, huku na huku, uso umekaza. Akautoa mtupu. Lakini mkono wa koti ulitoka na rangi nyingine kabisa, nzuri, na hapo ndipo watu wote walipojua koti lile ni la bluu.

Waziri akautazama mkono wake. Akatazama ule mwingine. Kwa kitambo kidogo Siwema aliona kitu kinataka kupita kwenye uso wa yule mzee, kama mtu anayekaribia kukumbuka jina. Kisha Katibu wake akamnong'oneza, na kile kitu kikarudi kilikotoka.

"Hii ni hujuma!" akasema Mheshimiwa. "Karatasi ya umma imetoweka mchana kweupe mbele ya uongozi wa juu! Kamateni kila ilichogusa!"

Wakakamata beseni kwa mara ya pili. Wakakamata maji, kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Wakakamata shati.

"Shati hapana!" Siwema akapiga kelele. "Mheshimiwa, mtoto ana mtihani kesho!"

"Basi asome," akajibu Mheshimiwa, akapanda gari.

*

Mchana ule Siwema alikaa kwenye benchi la kituo cha polisi. Shati lilianikwa kwenye kamba ya bendera, maana stoo ina unyevu na kielelezo kinatakiwa kitunzwe kisiharibike. Lilipepea pale uani, jeupe, askari wakipita wanalipigia saluti bila kukusudia.

"Afande Zamda," akasema Siwema, "wewe una watoto?"

"Watatu."

"Basi unanielewa."

"Nakuelewa, lakini kielelezo hakitoki bila mlinzi."

"Kitoke na mlinzi."

"Hakivaliwi."

"Imeandikwa wapi?"

Koplo Zamda akachukua kitabu cha kanuni, kwanza kwa kuchoka, baadaye kwa kutaka kujua. Kilisema kielelezo kisiuzwe, kisiwekwe rehani, kisichomwe, kisiliwe. Akafunua nyuma, akafunua mbele. Kuvaliwa hakukutajwa.

"Shati linakwenda chini ya ulinzi wako," Siwema akasema haraka haraka, kabla ujasiri haujamwishia. "Mtoto anakuwa ndani yake. Likitoka linarudi. Wewe huachii kitu, Afande. Hata pingu tia kama unataka."

"Pingu ya nini, mama."

Lakini aliitia. Mkuu wa kituo alisema bila pingu haiwezekani. Jumatano asubuhi Mashavu akaenda kwenye mtihani wake wa darasa la saba amevaa shati jeupe kama maziwa, mkono wa kushoto, ule asioandikia, umefungwa na mkono wa kulia wa Koplo Zamda, na kwenye kola kikaratasi: *Kielelezo B.*

"Mama, watanicheka," akasema njiani.

"Wacheke. Ukifika andika jina lako vizuri. Usiandike la kwenye kola."

*

Mlangoni pa chumba cha mtihani alisimama msimamizi kutoka makao makuu, na kioo cha kukuzia mkononi. Watahiniwa sitini na mmoja walipanga mstari. Akawapitia mmoja mmoja. Doa. Doa. Rangi isiyo ya sare. Doa. Kulwa, doa. Doto, doa na alama. Bwana Sekiete alikuwapo pembeni na daftari lake, akina mama wakamkonyeza, wakamtajia rekodi zao, naye akawa ghafla ana simu ya kupokea.

Alipofika kwa Mashavu, msimamizi alizunguka mara mbili. Akanusa. "Safi. Na huyu aliyefungwa naye?"

"Mimi ni mlinzi wa kielelezo," akasema Koplo.

"Sare yako ina doa."

"Mimi sifanyi mtihani."

Wakaingia. Mlango ukafungwa. Msimamizi akabandika nje karatasi ya mahudhurio: waliotimiza vigezo, mmoja, walioingia, mmoja, mahudhurio, asilimia mia moja.

Watoto sitini walibaki uani wamesimama na penseli zao zilizochongwa. Hakuna aliyelia. Walikuwa wanasubiri mtu mzima aseme kwamba ni utani. Kulwa akamuuliza mama yake, "Sasa twende wapi?"

Mama Doto akajisachi kifuani, akatoa karatasi yake ya sabuni, ambayo ilikuwa ikisubiri kurudishwa mchana ule. Akaitazama. Akaenda kwenye bomba la shule, akavuta ndoo ya kudekia, akafungulia maji.

"Mama Doto!" akaita Sekiete. "Mama Doto, rekodi yako!"

Akaitumbukiza. Akawavua mabinti zake mashati palepale, akawafunga kanga, akaanza kufua, midomo imebana. Mama wa pili akaenda. Wa tatu. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake pale, maana Jumatano ndiyo siku ya kurudisha. Ndoo zikaisha, wakachukua masufuria ya uji, wakachukua mfuniko wa tangi. Povu lilitiririka uani likapita miguuni mwa Sekiete, naye akawa anarukaruka ameinua daftari juu ya kichwa.

"Ziko wapi?" alikuwa anapiga kelele. "Karatasi ziko wapi? Nawaandika wote!"

"Zimeyeyuka," wakajibu akina mama. Hawakupaza sauti. Walikuwa na kazi.

Mashati sitini yakatandazwa kwenye uzio, meupe yote, yakitiririka maji. Mama Doto akachukua mawili yake yangali mabichi, akawavisha Kulwa na Doto, akawashika mikono akaenda nao hadi mlangoni. Akabisha. Akabisha tena kwa kiganja.

Msimamizi akafungua kidogo. Akawatazama mabinti kwa kile kioo chake, kola mpaka pindo.

"Safi," akasema. "Lakini ukaguzi umefungwa saa mbili na nusu."

Akafunga.

Siwema alikuwa amekaa kwenye tofali chini ya dirisha. Alitaka kufurahi, wake yuko ndani, na furaha ikakataa kupanda. Mama Doto akaja akakaa kwenye tofali la pili.

Saa nne na nusu kengele ikalia. Mashavu akatoka na Koplo Zamda. Kielelezo kilitakiwa stoo kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo Koplo akamfungua pingu na vifungo palepale barazani, na Siwema akamfunika mtoto kwa kanga yake mwenyewe.

"Umeweza?"

"Nimeweza, mama. Lakini nilikuwa peke yangu. Kila nikikohoa msimamizi anaandika." Akatazama uani, kwenye uzio mrefu wa mashati meupe, na wenzake wamekaa kwenye jua wamefungwa kanga. Akawatazama Kulwa na Doto na mashati yao yaliyowaganda mwilini. Akashangaa.

"Mama, wamefua saa ngapi?"

"Sasa hivi, mwanangu."

"Karatasi walikuwa nazo?"

"Walikuwa nazo."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita."

Mashavu akafikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri.

"Sasa mbona hawakufua jana?"

Siwema alikuwa amemjibu Afisa Povu, amewajibu polisi, amemjibu waziri mbele ya magari kumi na manne. Akafungua mdomo amjibu na mwanawe. Mama Doto, pale kwenye tofali, akageuza uso wake, naye akasubiri kusikia.